Maandishi ya Kwenye Dumu

Jumatatu, tarehe tatu Julai, mji uliamkia manyunyu na baridi. Kwenye karakana ya matangi ya faiba, siku ya baridi gundi huchelewa kuganda.

"Leo tunachanganya dawa zote mbili za kugandisha kwanza, ndipo tuzitie kwenye gundi," alisema Shomvi, msimamizi, akiinua chupa ya kobalti ya zambarau juu ya kopo la dawa nyeupe. "Itaganda kabla ya chai."

Bi Kibibi, mfanya usafi wa karakana, alikuwa akifuta dumu la dawa nyeupe, kama alivyofanya kwa miaka tisa. Lakini tangu aanze masomo ya jioni ya kusoma na kuandika, herufi zilikuwa zimeanza kumwitikia. Alizifuata kwa kidole, midomo ikicheza kama yuko kwenye dua. U-si-cha-nga-nye.

"Shomvi mwanangu, weka chini!"

"Bibi, darasa ni jioni," fundi mmoja alitania, wenzake wakacheka.

"Imeandikwa: Usichanganye moja kwa moja na kobalti. Hulipuka! Kobalti si ndiyo hiyo mkononi mwako?"

Kicheko kilikatika. Shomvi, aliyejua kusoma tangu utotoni, aliinama kulisoma dumu lile kwa mara ya kwanza. Kisha akaipeleka chupa kwenye dirisha la mbali, akaiweka taratibu kama anayelaza mtoto.

"Alhamdulillahi!" Bi Kibibi alicheka huku akilia. "Ee Mola, nimesoma!"

Shomvi akawageukia mafundi. "Nyinyi ni mashahidi. Naahidi, hakifunguliwi kifuniko humu kabla Bi Kibibi hajatusomea."