Blauzi Iliyolowa

Tangu mwanawe azikwe, Salha aliendelea kuwawekea wafuasi wake wa mtandaoni picha za zamani za kichanga huyo, nao wakimwombea maisha marefu. Leo, alipokuwa akijiandaa kuingia laivu, maziwa yalimchuruzika yakalowesha blauzi.

"Kabadilishe, dada," mdogo wake Tatu alimsihi. "Wakijua umewadanganya watakutukana."

"Nitabadilisha hadi lini?"

Akawasha simu, akajitokeza hivyohivyo alivyolowa.

"Mwanangu amefariki," alisema. "Niliogopa kuwaambia. Maziwa bado yanatoka na sijui nimpe nani."

Matusi yakaanza kumiminika. Katikati yake mwanamke mmoja asiyemjua akaandika, "Hata mimi, yangu hayajakauka." Salha aliugandamiza ujumbe ule kwa kidole usipotee, huku matusi yakizidi kuusukuma juu.