Kopo la Maharagwe Yasiyoliwa

Hakuna mtoto kambini aliyechezea vitu vya ajabu kama Fiacre. Guguta la mahindi lililoshonewa gunia. Kandambili iliyokatwa vipande, kimoja laini, kimoja cha kukwaruza. Soksi iliyojazwa mchanga. Vyote bubu.

Fundi wa vitu hivyo alikuwa Denise, ambaye kambi nzima ilimwita Mama Fiacre. Watoto wa wengine aliwatengenezea vinavyolia: chupa zenye vizibo, makopo yenye kokoto. Basi kambi ya wakimbizi pale karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, mashariki mwa Kongo, ilikuwa ikilia chakacha chakacha tangu alfajiri, kana kwamba masikio ya watu yalikuwa hayajachoshwa vya kutosha na risasi. Fiacre peke yake ndiye aliyepewa vya kushika tu.

Sababu aliijua Denise. Mtoto hasikii. Hakumwambia mtu. Risasi zilipolia mjini, watoto wengine walijificha chini ya vitenge vya mama zao, Fiacre akaendelea kukwaruza kandambili yake, na majirani wakacheka, wakamwita Koloneli asiyejua woga. Denise alicheka nao. Ulicheka mdomo tu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi, na kilichobaki kufanya kazi kwake kilikuwa mikono.

Asubuhi moja mwanamke mgeni aliinama mlangoni pa kibanda, kopo la maziwa la bati kifuani.

"Mama Fiacre njo weye? Banasema unatengenezaka vitu ya batoto."

"Njo miye. Ingia."

Mgeni alijitaja kuwa Émilienne. Kabla hajaketi alipita nyuma ya Fiacre, akachuchumaa, akalitikisa kopo karibu na kisogo chake. Fiacre hakugeuka. Émilienne alingoja kidogo, kisha akaketi, kama mtu aliyekwisha kuketi hivyo mara nyingi.

"Haiko yeye, si uyu," alisema.

Denise hakuuliza. Kambini watu hawaulizani. Ukinyamaza, mtu husema mwenyewe.

Akasema. Mwaka uliopita walikuwa wakikimbia, bomu likaanguka njiani, pale Iga Barrière. Alipoinuka kutoka chini, mwanawe Fabrice hakuwepo mgongoni. Alikuwa bado wa kutambaa. Tangu hapo Émilienne anapita kambi kwa kambi, kibanda kwa kibanda, akitikisa kopo nyuma ya watoto wa watu.

"Lakini kila mutoto anageukaka," Denise alisema.

"Kugeuka, bote banageuka. Fabrice anainuaka mikono. Kila siku nilikuwa naegemeza kopo mu mugongo yake, natikisa, kisha namubeba. Mikono yote mbili juu, kabla hata sijamubeba."

"Sasa mbona hukuegemeza kwa uyu wangu?"

"Dada, bamama banakataa. Ukigusa mutoto ya mutu, banasema unamuroga. Kule nyuma nilipigwa. Basi natikisa mbali. Sauti inatosha."

"Na sura yake hauijue?"

"Njaa inabadilisha sura. Angalia uyu wako, nywele yote imekuwa nyekundu. Ulimuzaa wapi?"

"Fataki."

Shida iliyomleta ilikuwa mfuniko. Ulikuwa umelegea, na maharagwe yaliyokuwa ndani yalikaribia kumwagika. Hakuwahi kuyala, hata porini alikoishi kwa mizizi. Alimsihi Denise asiongeze hata punje moja wala asipunguze, sauti isije ikageuka. Kisha akaenda kutafuta maji ya kunywa kwenye tangi.

Denise alikata ukanda wa mpira wa baiskeli, akauvuta juu ya mfuniko, akaukaza kwa waya. Kazi ilitoka safi. Alizoea kujaribu kila kitu kabla ya kukitoa, na mjaribu wake alikuwa Fiacre, maana ngozi yake ilipokea kile ambacho masikio yalikataa. Akaliegemeza kopo mgongoni mwa mtoto, akalitikisa.

Fiacre aliidondosha kandambili. Akainua mikono. Yote miwili.

Denise aliishika ile mikono, akaishusha polepole. Alingoja kitu kimuume ndani. Hakikuuma. Alishangaa kidogo, na hata mshangao wenyewe haukukaa.

Hatua za mgeni zilikuwa zinarudi. Alimtupa mtoto mgongoni, akamfunga kwa kitenge, mikono ndani, akakaza fundo.

Émilienne alilipokea kopo, akalitikisa sikioni, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Sauti njo ile ile! Aksanti, Mama Fiacre. Nitamupata. Na Mungu akulindie uyu mutoto wako."

"Amina," Denise alisema.

Kopo lilisikika kwenye kibanda cha jirani, kisha mbele kidogo, kisha likapotea katikati ya makopo yote yale aliyoyatengeneza yeye mwenyewe. Denise alibaki amesimama mlangoni. Mgongoni, chini ya kitenge, vijikono vilikuwa vinasukuma vitoke.

Fiacre wake wa kumzaa alimzika kule Fataki. Huyu wa mgongoni alimwokota katika mtaro wa Iga Barrière, masikio yakivuja damu, mikono yote miwili juu.