Gari la Kubadilisha

Asali alilipiga tairi la mbele teke, akainamisha sikio kwenye boneti kama anayesikiliza mapigo ya moyo ya mgonjwa, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Pole, mama."

"Pole ya nini tena?" aliuliza mama mshona mapazia.

"Ya gari."

Jina la Asali alipewa na wenzake pale kwenye yadi ya magari kwa sababu ya ulimi wake. Lakini mwezi ule ulimi haukuwa umemsaidia kitu. Hakuwa ameuza hata gari moja, na asubuhi hiyo bosi alikuwa ameihamisha meza yake kutoka dirishani na kuisogeza karibu na mlango wa choo, akamwambia kwa upole kwamba pale kuna hewa nzuri. Asali alielewa. Kutoka mlango wa choo, mtu huhamishiwa getini, na akifika getini haambiwi tena habari za hewa.

Ndiyo maana alipoliona gari dogo la kijani likiingia, akashuka mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na nyuma yake mwanaume mrefu, mkimya, Asali alikimbilia nje hata kabla vumbi halijatulia.

"Huyu shemeji yangu, mume wa dada," mama alimtambulisha. "Ndiye aliyenileta. Haya, nionyeshe magari."

Hakuwa mteja wa kubabaishwa. Alikaa kiti cha mbele cha gari jipya jeupe, akahamia cha nyuma, akafungua buti na kupima kwa mikono kama marobota yake ya vitambaa yangeingia. Akauliza kama vipuri vyake vinapatikana dukani au vinasubiri meli. Akauliza gari la aina ile hulala gereji mara ngapi kwa mwaka. Walipofika kwenye mkopo, Asali alimweleza habari za malipo ya awali na riba kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale.

"Na nikifa katikati ya mkopo?"

"Bima inalipa, mama."

"Kwa hiyo nikiishi benki inafurahi, na nikifa benki inafurahi."

Asali akacheka mpaka akashika mbavu. Shemeji hakucheka.

"Lakini kwa nini ujitwishe mkopo mkubwa, mama yangu? Watu siku hizi wanabadilisha. Unatuachia la zamani, tunalipigia hesabu, unaongezea kidogo, unaondoka na jipya."

"La zamani ndilo hili tulilokuja nalo?" Mama alivaa miwani. "Basi likague. Wewe ndiye mtaalamu. Useme kweli tupu, usinionee haya."

Kusema kweli, gari lile lilikuwa zima. Asali alilijua tangu lilipopita getini, injini yake ikinong'ona bila hata kukohoa. Lakini chochote ambacho angekipunguza kwenye la zamani kilikuwa faida ya yadi, na kadiri la zamani lingemtisha mama, ndivyo jipya lingezidi kung'aa. Akaukumbuka mlango wa choo. Akakunja mikono ya shati.

Hivyo ndivyo tairi lilivyopigwa teke.

"Shokapu zimekwisha," alianza. "Giaboksi inaomba kustaafu. Halafu kuna sauti naisikia."

"Sauti gani?" Shemeji alifungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Sauti ambayo mtu wa kawaida haisikii, bwana."

"Lakini limefanyiwa sevisi juzijuzi tu!"

"Aliyelifanyia angeshtakiwa."

"Mwache mtu afanye kazi yake, shemeji," mama alisema. "Hebu paza sauti kidogo, mwanangu. Na huku chini hakuna kutu?"

Asali alipiga magoti, akachungulia. Chini kulikuwa safi kama sahani.

"Kutu yake ni ya ndani," alisema akijipangusa magoti. "Ya nje ingekuwa afadhali, ungeiona."

"Maskini! Na rangi?"

"Rangi hii, mama, hata mwizi angefikiria mara mbili."

Shemeji alikwenda kuegemea gari la pembeni, akatoa leso na kujifuta uso, kisha shingo, kisha uso tena. Asali alimhurumia. Bila shaka ndiye aliyemshauri mama kulinunua. Ukweni mambo kama haya hayasahauliki.

"Usijilaumu, bwana," alimwambia kwa upole. "Wengi hununua kwa macho."

Kisha akataja bei. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata yeye mwenyewe alitazama pembeni akiitaja. Kwa hela ile mtu angepata pikipiki, tena iliyochoka.

"Ngapi?" Shemeji alisimama wima.

"Na hapo nimemwangalia mama usoni. Kwa mwingine ningesema alipeleke kwa wanaonunua vyuma chakavu."

Mama alifumba macho kama mtu anayepokea habari za msiba. Alipoyafumbua, akamshika Asali mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Mwingine angenidanganya."

Tayari Asali aliiona meza yake ikirudi dirishani, na bosi akijidai hakumbuki nani aliihamisha. Akachomoa kalamu mfukoni.

"Basi tuanze na majina kamili, mama."

Mama hakumsikia. Alikuwa amemgeukia mume wa dada yake.

"Umejisikilia mwenyewe, shemeji. Tulikubaliana kufuata bei ya mtaalamu, na mimi si mtu wa kugeuza maneno: gari lako nalinunua kwa bei hiyohiyo, wala sitaomba unipunguzie."