Skrini Mbili za Kumzika Rabson

Zabron alipanga kadi tatu za grafiksi kwenye kaunta, akauliza kama mzee anataka ya gemu au ya kuhariri video.

“Ya kuzikia,” alisema Mzee Nsajigwa.

Hakuwa anatania. Mwanawe Rabson alifia Durban, mwili ukashindikana kurudishwa, na Watanzania wenzake wa huko walisema watarusha mazishi mtandaoni leo saa nane mchana. Nyumbani Mpemba kulikuwa na kompyuta moja tu, ya steshenari ya Loisi, mke wa marehemu. Mzee alitaka skrini mbili zionyeshe kitu kimoja kwa wakati mmoja: moja chumbani kwake, nyingine upande wa pili wa ukuta, kwa huyo mkamwana wake.

“Pole sana, mzee,” alisema Zabron.

“Nimeshapoa.” Alikuwa amejibu hivyo siku tisa mfululizo, na neno lenyewe lilikuwa limeshaisha ladha.

“Sasa si mkae wote kwenye skrini moja?”

“Sisi ni Wandali wa Ibaba. Mkamwana hakai na mimi chumba kimoja, hanitazami, wala hasemi na mimi. Mwaka wa kumi na moja huu, sauti yake naisikia akiongea na wateja.”

“Na simu?”

“Mtu mzima hazikwi kiganjani.”

Zabron akaisogeza pembeni kadi kubwa yenye feni mbili. Hiyo ingekula umeme wote, sipiyu izime katikati ya ibada. Ya pili ilikuwa na tundu moja tu la kuchomekea skrini. Wangeweza kuweka waya wa kugawa, ila picha ingekuwa na ukungu.

“Ukungu sitaki. Miaka sita hajamwona mume wake. Amwone vizuri, basi.”

Ikabaki ya tatu, ndogo, haina hata feni. Gemu hakuna ambayo ingeweza kuichezesha, lakini matundu yalikuwa mawili na yote mazima.

“Hiyo,” alisema mzee.

Kufika saa saba na nusu Zabron alikuwa ameshaifunga kwenye kompyuta, nyumbani kwa mzee. Waya mmoja uliishia mezani kwa mzee, mwingine ukapanda ukutani, ukapita kwenye mwanya chini ya bati na kushukia chumba cha pili. Kule Loisi alisikika akivuta kigoda.

“Nenda kamuulize kama anaona.”

Zabron akazunguka, akarudi. “Anaona, mzee. Anashukuru.”

Mzee akaketi. Tangu siku ya ile simu alikuwa akiyangoja machozi, na hayakuja. Alikula alipopewa chakula, akalala walipomzimia taa. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, naye hakuwa na haraka ya kuuamsha. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, mkamwana amzike mume wake kwa heshima.

Saa nane picha ikaja, safi kabisa. Jeneza la kahawia, vijana wa suti, mchungaji akisema Kiswahili cha nyumbani. Mzee alilitazama jeneza kama anavyotazama gari la mtu mwingine likipita.

Kisha kamera ikageukia viti vya mbele. Alikuwepo mwanamke mwenye kilemba cheusi, na watoto wawili. Mkubwa alishika msalaba wenye jina la Rabson. Paji la uso lilikuwa la Rabson, masikio ya Rabson.

“Tumwombee mjane wa marehemu,” alisema mchungaji, akamshika yule mwanamke bega.

Mzee Nsajigwa aliinuka kwa kasi ambayo Zabron hakuitarajia. Akaushika waya uliopanda ukutani, akauchomoa kwa nguvu, akabaki nao mkononi. Sasa ndiyo aliumia, na hakuumia kwa ajili ya mwanawe. Aliumia kwa ajili ya mwanamke wa upande wa pili, aliyemngoja mume miaka sita na kumfulia baba mkwe nguo. Akamwomba Mungu Loisi awe hajaona.

Kigoda kikasogea. Sauti ikapita kwenye mwanya chini ya bati, taratibu, ikimsemesha yeye.

“Baba, rudisha waya. Huyo mdogo ana pumu. Nilimwambia mama yake amvalishe sweta, nataka nione kama amemvalisha.”