Kikapu Kitupu cha Nungunungu

Waraka wa Marekebisho ya Utaratibu wa Kupitisha Vikapu Visivyo na Kitu ulitolewa kwa sababu ifuatayo.

Siku ya kuhifadhi mtama, Panyabuku alijaza vikapu shambani, Nungunungu, mkaguzi, akachekecha taka njiani, na Kanga akapokea ghalani. Walikubaliana kwamba Panyabuku akimaliza atatuma kikapu kitupu, na Kanga akikiona tu, afunge mlango.

Nungunungu alijivunia kwamba uchafu haujawahi kumpita. Kikapu kitupu kilipomfikia alikigeuza, akakinusa, akakitupa kando. "Hakina kitu hiki! Nipitishe hewa mimi?"

Mawingu yakatanda. Kanga akapaza sauti: "Mzee, bado mtama upo? Mvua hiyo inakuja na mlango uko wazi!"

"Mama, mimi napitisha mtama, sipitishi habari. Subiri."

Kanga akasubiri, maana ndivyo walivyokubaliana. Mvua ikapiga mpaka ndani ya ghala. Hapo akatoka mbio, mbawa zimelowa, akakiona kikapu miguuni pa mkaguzi.

"Si hiki hapa!" akafoka. "Kitu kimoja tulichokuwa tunakingoja, ndicho ulichokitupa! Sasa wanangu wale ukungu?"

"Usinigombeze, mama. Kilikuwa kitupu, na nimekiandika hivyo daftarini."

Baraza lilikaa siku tatu. Likampongeza mkaguzi kwa uangalifu wake, likaagiza kwamba tangu sasa vikapu vitupu vipite, ila baada ya kuchekechwa.

Mtama wote ulioza.