Tepu Iliyokatwa kwa Meno

Fundi alichomoa kihisi cha hewa kwenye injini ya gari, akamwonyesha mjane waya ulioongezwa na kufungwa kwa tepu nyeusi.

"Mama, kuna mtu alikichokonoa. Kinalidanganya gari kuhusu hewa inayoingia, ndiyo maana gia zinaingia kwa kishindo. Ukiacha hivi, giaboksi itakufa."

Tepu ilikatwa kwa meno. Kwenye alama za meno hayo mjane akaliona pengo la mbele, akajua ni la marehemu mumewe, aliyekuwa akijifanya fundi kila Jumapili.

"Niutoe huu waya?"

"Utautoa. Kwanza kirudishe hivyohivyo, nizunguke na gari mara moja."

Barabarani, gia ya pili iliingia kwa kishindo, kiti kikamsukuma mgongoni. Akacheka peke yake, macho yamejaa machozi.

Alipofika kwenye kona ya kurudi gereji, alinyoosha moja kwa moja.