Jua la Kambini

Tangu sheria ya anga moja ianze, hali ya hewa iliyoonyeshwa na mashine za kufundishia marubani, zilizounganishwa kwa mtandao mmoja katika kambi zote, ndiyo iliyokuwa hali ya hewa ya nchi. Asubuhi ile redio ilitangaza jua, kwa hiyo Nasikiwa akaanika nguo mvuani kama majirani zake.

Aliporudi ndani ametota, mumewe alikuwa akifunga buti zake za urubani.

"Baba Ndeshi, ukungu umefunika mlima wote! Na leo unarusha ndege ya kweli."

"Jana kwenye mashine marubani wa kambi zote tuliona anga jeupe. Wewe nani uone ukungu peke yako?"

"Chungulia dirishani basi."

"Nikichungulia, nitaulizwa nimeona nini." Akacheka kidogo. "Niombee tu, mama."

Wake wa marubani walikuwa wameshakusanyika uani kwa sala. Nasikiwa alipojiunga nao, alitamani kumwomba Mungu auondoe ukungu, lakini kuomba hivyo ni kukiri kwamba upo.

"Bwana, tunakushukuru kwa jua hili," akasali kiongozi wao.

"Amina," akaitikia Nasikiwa, mvua ikimwingia mdomoni. Ndege ikanguruma juu yao kuelekea mlimani, wala hakuna aliyeiona.